Kocha Aliyehesabu kwa Rozari

Parkdale yote, mtaa wetu hapa Toronto, ilimwita Kocha, hata watu ambao hawajawahi kukanyaga uwanjani kwake. Mwenye duka la mboga alimwita Kocha. Padri wake alimwita Kocha. Na mimi, niliyegombana naye mbele ya kadamnasi, nilimwita Kocha hata nilipokuwa namfokea. Alizaliwa mwaka gani na kwa nani, sijui, wala sikuwahi kumuuliza. Alikuwa Mgoa wa Mombasa, mstaafu wa kazi za ofisini, mkatoliki wa kwenda misa kila asubuhi, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mwanangu niliyemzaa mwenyewe. Basi. Na nisikufiche jambo: miaka minne sikumsalimia mtu yule. Nikimwona upande huu wa barabara, mimi navuka.

Tulijuana kwa sababu ya funguo. Mwanangu Salim alikuwa na miaka kumi na miwili. Mimi nafanya kazi kwenye ghala la mizigo kule Malton, karibu na uwanja wa ndege, na kutoka kwetu Parkdale ni mabasi juu ya mabasi, kwa hiyo kila siku nachelewa. Siku hiyo naondoka, funguo za nyumba hazipo. Anazo Salim, na Salim yuko chini barabarani anacheza. Nikamwita kutoka roshani ya ghorofa ya tatu apande aniletee. Yeye akaona uvivu wa ngazi, akazirusha. Wallahi zilikuja zikatua kiganjani mwangu kana kwamba nimekabidhiwa mkononi. Nikaanza kumgombeza, je zingempata mtu kichwani? Mara nikasikia sauti kutoka ng'ambo ya barabara: "Mama, usimgombeze! Mrudishie arushe tena!"

Kwa Kiswahili. Toronto. Ebo! Natazama, namwona mzee mwembamba mwenye kofia ya ukili, amesimama na mfuko wa vitunguu, anatuamrisha. Sijui nilipatwa na nini, nikamtii. Nikaziachia funguo, Salim akazirusha tena mara tatu, na mara zote tatu zikanifikia pale pale.

"Mtoto huyu ana mkono," akasema mzee.

"Kila mtu ana mkono," nikamjibu, maana basi lilikuwa linaniacha.

"Hapana, mama. Mimi nimewaona wengi. Jumamosi umlete uwanjani."

Ndivyo besiboli ilivyoingia nyumbani kwangu. Kwa asiyeujua mchezo huo: yupo mrushaji, anasimama juu ya kilima kidogo cha udongo ambacho Kocha alikiita kichuguu, anaurusha mpira kwa nguvu, na mpigaji wa timu nyingine anajaribu kuupiga kwa gongo la mbao. Mengine yote ni kukimbia na kugombana. Lakini ukiwa na mrushaji una timu, na ukikosa mrushaji una watoto tisa waliosimama kwenye nyasi.

Kila masika makocha wa mtaa walikutana kwenye ukumbi wa shule wakagawana watoto kwa zamu, na aliyeshika mkia mwaka uliopita ndiye aliyechagua wa kwanza. Kocha wetu alichagua wa kwanza karibu kila mwaka! Na ile nafasi ya kwanza, ambayo wenzake wangeitolea roho, yeye aliitumia kumchukua mtoto ambaye hakuna mtu aliyemjua. Mwaka huo alimtaja Salim. Watu wakaulizana, Salim ndiye nani? Hajawahi hata kushika mpira. Kocha akawaambia amemwona akirusha funguo. Waliangua kicheko, na yeye akacheka nao, akaenda zake.

Mchezo wake wa asili ulikuwa kriketi, na besiboli alijifunzia ukubwani. Alipenda kutusimulia mwenyewe jinsi msimu wake wa kwanza alivyowafundisha watoto kwamba ukiupiga mpira na ukauona hauendi mbali, tulia, hulazimiki kukimbia. Katika kriketi ni kweli. Katika besiboli ukiupiga mpira ndani ya mistari ni lazima utimue mbio. Basi watoto wa watu wakawa wanaupiga mpira, wanasimama wima kama askari wa gwaride, na wanatolewa mmoja baada ya mwingine, wazazi wanashika vichwa. "Saba!" alikuwa akisema huku machozi ya kucheka yanamtoka. "Saba wametolewa wamesimama, na wote wananitazama mimi kwa imani!"

Kriketi haikumtoka kamwe. Mpira aliudaka kwa mikono mitupu wakati watoto wana glavu, ndiyo maana kidole chake kidogo cha kushoto kilipinda na hakikunyooka tena. Na saa kumi kamili, jua la Julai likiwa linachoma, alisimamisha mazoezi ili watu wanywe chai. Chai ya tangawizi, kutoka chupa mbili kubwa alizokuja nazo, na vikombe vya plastiki. Katika kriketi, alisema, mchezo husimama watu wakanywa chai, na huo ndio ustaarabu. Watoto wa Kivietinamu, wa Kitibeti, wa Kikongo, wote wanapuliza vikombe. Wazazi walilalamika mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili walianza kuleta visheti na maandazi.

Usidhani alikuwa malaika. Aliwakaripia wazazi waliomzomea mwamuzi, akasema ni utovu wa adabu, halafu siku moja yeye mwenyewe akafukuzwa uwanjani kwa kumwambia mwamuzi maneno ya Kiswahili ambayo sitayaandika hapa. Mwamuzi hakuelewa neno hata moja, lakini sauti aliielewa. Aliapa hajali kushinda. Uongo mtupu. Timu ikifungwa aliingia kwenye gari lake, akapandisha vioo vyote, akakaa humo nusu saa nzima, na hakuna aliyethubutu kugonga. Tulikuwa tunakunja viti na kuokota chupa huku tunajifanya hatumwoni. Timu kubwa ya jiji aliitukana asubuhi na jioni, kwamba haijui kulea warushaji, na kila mechi yake aliisikiliza redioni. Sifa alikuwa bahili nazo kupita kiasi. Ukifanya vizuri sana, atakwambia "si vibaya." Salim aliipata "si vibaya" kama mara nne katika miaka mitano, na zote anazikumbuka.

Lakini kuna hili nalo. Mwanangu nyumbani nikimuuliza amekula, ananijibu kwa Kiingereza. Nikimpigia simu, Kiingereza. Anaelewa kila kitu, ila ulimi hautaki. Kwa Kocha alikuwa anasema "Shikamoo, Kocha," na anaendelea. Salim akizidiwa pale kichuguuni, Kocha alimwendea polepole, mikono nyuma kama anayetembelea bustani, na kumwambia maneno matatu yale yale: "Pumua. Tema mate. Sahau." Timu pinzani zilidhani ni mbinu za siri. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kiti changu cha kukunja, nawaona wanazungumza, na roho yangu inatulia. Wivu nao nilikuwa nao, nisiseme uongo.

Sasa nije kwenye rozari. Mkono wa mrushaji unachoka, na ukiutumia kupita kiasi unaharibika, kuna vijana wamepasuliwa viwiko hawajafika hata miaka ishirini. Kwa hiyo mipira inahesabiwa. Makocha wengine walikuwa na vile vifaa vya kubonyeza kwa kidole gumba. Kocha alivipoteza vitatu, akaacha. Akatumia rozari yake. Aliiweka kwenye mfuko wa kulia wa suruali, mpira mmoja punje moja, kumi zikiisha anairuka ile punje kubwa. Mzunguko mzima hamsini, na makumi matatu juu yake, themanini. Ikifika themanini, anakutoa. Hata kama umebakiza mpigaji mmoja. Hata kama unashinda. Hata kama mama yako analia.

"Si dhambi hiyo, Kocha?" nilimuuliza wakati bado tunaelewana. Mimi ni mtu wa tasbihi, na kwetu mtu hahesabii mipira.

"Sisali, nahesabu tu," akasema. "Mama Maria anajua nikiwa kanisani na nikiwa kazini." Na alikuwa na usemi wake mwingine, aliurudia mpaka watoto wanamwigiza: "Mkono huu si wangu. Nimeazimwa na mama yake."

Ule msimu wa mwisho ulikuwa mbaya, jamani. Salim ametimiza miaka kumi na saba. Warushaji walikuwa wanne. Wa kwanza wazazi wake wakahamia mbali, wa pili akaanguka na baiskeli akavunjika kifundo cha mkono. Akabaki Salim, na kijana mmoja wa Kikongo, mnene, mcheshi, mwenye moyo mkubwa, ambaye mipira yake ilikuwa inakwenda kwenye wavu, kwenye viti vya wazazi, popote isipokuwa inapotakiwa. Kila mtu alimwambia Kocha amtumie Salim kila mechi. Kocha akakataa. Salim anarusha siku moja, anapumzika siku nne. Katikati hapo anarusha yule Mkongo, na tunafungwa. Tulifungwa mechi tisa msimu ule. Nusu saa za Kocha garini zikawa saa nzima.

Mimi sikujali tisa wala kumi, nilikuwa na langu. Kila kiangazi timu kubwa za ligi ya kulipwa huchagua vijana, zamu kwa zamu, kama wale makocha wetu ukumbini, ila hapa ukiitwa jina maisha yako yamegeuka. Na wasaka vipaji walikuwa wamemsikia Salim. Nilitaka aitwe. Nilitaka kwa namna ambayo sijawahi kutaka kitu. Miaka hiyo yote nainua maboksi Malton, naona vijana wa kila taifa wanaingia ghalani wakiwa na miaka kumi na tisa, wanasema ni kwa muda tu, na wanazeeka humo. Nikasema wangu, hapana.

Ikapangwa mechi ya kirafiki, Jumapili mchana, ili msaka vipaji mmoja aje amtazame. Kwa kuwa ni ya kirafiki, hapakuwa na msimamizi wa ligi wa kuhesabu mipira. Ilikuwa kazi ya Kocha peke yake. Yule bwana akaja, akakaa nyuma ya wavu na kile kifaa cha kupimia kasi, kama cha trafiki. Na Salim siku hiyo, mashallah! Mpira unalia kwenye glavu ya mdakaji. Wapigaji watatu wakatolewa, watatu wengine wakatolewa. Yule bwana akatazama kifaa chake, akaandika, akatazama tena, akatoa simu. Nilikuwa nyuma yake nikasikia: anamwita mkubwa wake, yuko uwanja mwingine, aje sasa hivi, baada ya dakika kumi na tano awe amefika.

Raundi ya nne, Kocha akatoka kwenye benchi, mikono nyuma. Nikajua anakwenda kumwambia pumua. Badala yake akamwekea mkono begani, akamtoa.

Niliingia uwanjani. Naam, niliingia, na pochi yangu kwapani. "Kocha, unafanya nini?"

"Themanini, Mama Salim."

"Themanini gani? Hamsini na nne! Nimehesabu!"

"Ni themanini."

"Mimi kazi yangu ni kuhesabu! Zamu nzima nahesabu! Ni hamsini na nne, na huyo mtu anakuja!"

Akaitoa ile rozari mfukoni, akanionyesha vidole vyake vilipo, mzunguko na makumi matatu. Watu wakanitazama mimi. Wakaona mama wa watu amechanganyikiwa kwa tamaa, na mzee mtulivu ameshika rozari. Ungemwamini nani? Salim naye ananiomba kwa macho nitoke uwanjani. Yule mkubwa alipofika alimkuta mwanangu amekaa kwenye benchi na barafu begani, na kichuguuni yuko Mkongo wetu anapiga wavu. Akatazama dakika mbili. Walisema watarudi. Hawakurudi.

Ulipofika uteuzi tulikaa sebuleni siku nzima, majina yanapita kwenye simu. La Salim halikupita. Yeye akasema kwa Kiingereza kwamba si neno, akaenda kulala. Mimi nililia jikoni, maji yamefunguliwa ili asisikie.

Kocha aliacha timu mwaka huo huo. Watu wakasema ni magoti. Salim akasomea umeme, sasa yuko kazini, anawekea watu nyaya majumbani, na Jumapili anacheza na rafiki zake. Nilikuja kugundua kwamba alikuwa anakwenda kumsalimia Kocha na ananificha. Sikumwambia kitu. Lakini kila nikimwona anapanda ngazi na buti za kazi nilikuwa nasema moyoni: hamsini na nne.

Mwaka huu, masika, bega langu la kulia likagoma. Si maumivu ya kuja na kuondoka. Mkono haupandi, siwezi kuchana nywele wala kufunga ushungi bila kusaidiwa. Nikapelekwa kliniki ya mazoezi ya viungo kule Don Mills. Nikaingia asubuhi, mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni, na kiti kilichokuwa wazi ni kimoja tu. Pembeni yake amekaa Kocha, na fimbo.

Amekonda. Ile kofia imemkaa mpaka masikioni. Nilitaka kusimama wima ukutani, lakini mtu amenitazama usoni, nifanye nini?

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba, Mama Salim." Akakitazama kitambaa changu. "Bega?"

"Bega."

"Maboksi?"

"Maboksi. Miaka kumi na minne."

Akatikisa kichwa. "Na wewe nani alikuwa anakuhesabia?"

Weee! Damu ikanipanda. Nikamwambia, "Kocha, tafadhali sana. Habari ya kuhesabu tusiianze mimi na wewe. Zilikuwa hamsini na nne."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Zilikuwa hamsini na nne. Labda hamsini na tano." Alikuwa anatazama magoti yake. "Ulihesabu sawa, Mama Salim. Mimi ndiye niliyekosea."

Akaendelea polepole, anatafuta maneno. Kwamba miaka yote ile aliyoitumia rozari uwanjani hakuwahi kusali nayo hata mara moja. Siku ile, alipomwona yule bwana anatoa simu, midomo ikaanza yenyewe. Salamu Maria moja, nyingine, nyingine, na vidole vikafuata sala, vikaacha mpira. Hakujua. Alipofika mzunguko na makumi matatu aliamini kabisa ni themanini, angeapa mbele ya hakimu. Baada ya mechi akaingia garini, akapandisha vioo, na humo ndani akajisikia anasema "Amina," anamalizia sala ambayo hakumbuki aliianza saa ngapi. Ndipo akaelewa.

"Na hukuja kuniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba nimemnyima mwanao kwa sababu nilikuwa nasali? Niliona aibu. Kuacha timu kulikuwa rahisi kuliko kugonga mlango wako."

Mtu mwingine angemcheka, au angemwita mwongo. Mimi sikuweza. Nimeshika tasbihi tangu utotoni, najua jinsi mdomo unavyokwenda na kidole kinafuata, na wewe mwenyewe uko mbali huna habari. Nilijua pale pale kwamba anasema kweli. Na nilikuwa na maneno ya miaka minne, nimeyapanga vizuri, nimeyafanyia mazoezi kwenye mabasi ya Malton. Hata moja halikutoka. Nikamuuliza tu, "Ulikuwa unaomba nini?"

"Asiumie."

"Asiumie tu?"

"Wangemchukua, Mama Salim. Nilimwona yule bwana, nikajua wanamtaka. Na huko wanakompeleka hakuna anayemjua mama yake. Nikaomba asiumie."

Mimi pia nilisali siku ile. Tasbihi ilikuwa mkononi, chini ya pochi, kutoka mpira wa kwanza mpaka nilipoingia uwanjani. Niliomba achaguliwe. Achaguliwe, achaguliwe, hilo moja, hamsini na nne na zaidi. Kwamba mtoto anaweza kuumia, wallahi, halikunipitia kichwani hata mara moja. Nikamwambia Kocha hivyo hivyo, kwa sauti, watu wote wa kliniki wanasikia lugha wasiyoijua.

Muuguzi akatokea mlangoni akaliita jina langu, mara ya kwanza, mara ya pili. Mkono wa kulia haunyanyuki, kwa hiyo nikafuta macho kwa wa kushoto.